NANI ANAYEIPA SHIDA JINA?



Mara hii tunataka kuweka mbele yenu ulizo moja ambalo, mkilitazama kwa haraka, litaonekana kuwa la watu wa masomo makubwa. Lakini kwa kweli ulizo hilo linalala katika nyumba zetu. Ni hili: wakati gani taabu ya mtu inageuka kuwa shida ya watu wote? Na nani mwenye ruhusa ya kuipa jina? Kwa maana yako mambo yenye kuumiza watu miaka na miaka, na hakuna anayesema kwamba ni shida. Na yako mengine madogo ambayo wakubwa wakisema tu “hii ni shida”, kesho yake askari wanatumwa, sheria inaandikwa, feza inapatikana.

Tuchukue mambo ya masomo. Katika miaka ya 1990, Leta iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi ndio waliobeba mshahara wa mwalimu. Tukazoea. Mtoto anafukuzwa darasani, anarudi nyumbani saa tatu ya asubuhi na daftari mkononi, baba anatazama chini. Jirani naye anatazama chini katika nyumba yake, lakini hawasemezani, sababu kila mmoja anafikiri ni yeye peke yake ndiye asiyetosha kuwa mwanaume. Taabu ileile, katika nyumba 100 za barabara moja, iliitwa kwa majina 100: uvivu wa baba fulani, uzembe wa mama fulani, bahati mbaya ya fulani. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, iliandika kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za Leta. Maandishi hayo yalikaa zaidi ya miaka 13. Ni katika Septemba 2019 tu ndipo Leta ilianza kuyatimiza katika inchi yote, na watoto wakajaa darasani hata wengine wakakosa pa kuketi. Watoto wale hawakushuka kutoka mbinguni siku ile. Walikuwa nyumbani wakati wote.

Mwalimu mmoja wa Marekani, C. Wright Mills, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1959. Alisema hivi kwa ufupi: katika mji wa watu 100,000, ikiwa mtu mmoja tu hana kazi, hiyo ni taabu yake, tutazame tabia yake na ujuzi wake. Lakini katika inchi ya wafanyakazi 50,000,000, ikiwa watu 15,000,000 hawana kazi, ni bure kutafuta kosa ndani ya tabia ya kila mmoja. Inapashwa kutazama namna inchi yenyewe ilivyojengwa.

Sisi wa Katanga tungeweza kumwongezea mwalimu huyo mfano. Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Katika mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Katika mwaka 1994 shaba yote iliyotoka haikufika tani 50,000. Halafu, kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa “kuondoka kwa hiari”. Hiari! Mtu ambaye hajapokea mshahara miezi mingi, unamwekea karatasi mbele na kumpa kalamu, halafu unasema amependa mwenyewe. Jina zuri liliwekwa juu ya jambo chungu, na jina hilo lilifanya kazi yake: kila mmoja alirudi nyumbani kama mtu aliyejichagulia. Jioni mke wake aliuliza, “Na wewe ulitia sahihi kwa nini?” Kelele zikaingia ndani ya nyumba, na kule nje kukanyamaza.

Hivi ndivyo tunavyoona kwamba jina siyo jambo dogo. Anayeipa shida jina ndiye anayeonyesha kwa kidole mwenye kosa.

Farao alijua hili. Mwanzoni mwa kitabu cha Kutoka, Waisraeli wanatumikishwa kwa ukali, lakini katika jumba la mfalme shida inayozungumzwa siyo utumwa. Shida, kufwatana na Farao, ni kwamba watu hawa wamekuwa wengi mno. Na wakati Musa na Haruni walipokwenda kuomba ruhusa, Farao alipata jina jingine: ni wavivu. Kwa hiyo akawanyima majani ya kufyatulia tofali, na hesabu ya tofali ikabaki ileile. Mtafute sura ya 5 mkaisome tena. Mambo yote yanatoka katika lile neno moja, uvivu.

Wakoloni nao walifanya hivyo na manabii wetu. Katika mwaka 1921, Kongo ya Chini ilikuwa imetoka katika homa kubwa ya 1918 na 1919 iliyoua watu wengi mno. Malale ilikuwepo, kodi ilikuwepo, kazi ya lazima ilikuwepo. Katika taabu hizo zote, ni ipi iliyofanya msimamizi wa Kibelgiji atoke na askari? Ni kwamba watu wanakwenda Nkamba kusali kwa Papa Simon Kimbangu, wanaacha kazi za wazungu. Watu waliokuwa wanakufa hawakuwa shida. Watu waliokuwa wanasali ndio waliokuwa shida. Alihukumiwa kifo tarehe 3 Oktoba 1921, bila wakili wa kumtetea. Mfalme Albert akabadilisha hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha, naye akaletwa huku Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Jamaa za waamini zikahamishwa kwa nguvu mpaka majimbo ya mbali. Halafu tarehe 24 Desemba 1959 Leta ileile ikatoa karatasi ya kutambua kanisa. Watu walewale, nyimbo zilezile. Hawakubadilika wao, bali jicho la mkubwa.

Na tuongeze neno moja juu ya migodi, kwa sababu wazee wetu wengi walipitia huko. Kuanzia mwaka 1910 kulikuwa na chama cha kutafuta wafanyakazi wa Katanga, Bourse du Travail, kilichowachukua wanaume toka vijiji vya mbali. Wengi walikufa katika kambi kwa mapafu na kwa kuhara. Vifo vyao viliandikwa katika vitabu, lakini viliandikwa kama mtu anavyoandika makaa yaliyokwisha. Union Minière ilianza kuhangaika kweli mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati kupata mtu mpya kulikuwa kumekuwa vigumu na ghali. Hapo ndipo zikaja nyumba bora, wake wakaruhusiwa kuja, wauguzi, vipimo vya watoto. Tunashukuru kwa waliopona. Lakini tukumbuke kwamba kifo cha mtu kilipata jina la shida siku kilipoanza kugharimu.

Sasa tuje kwetu wenyewe, kwa sababu ni rahisi kumsema Farao na Mbelgiji.

Tokea miaka ya 1990, katika Kinshasa, Mbuji-Mayi, Lubumbashi na miji mingine, kumetokea neno ambalo wazee wetu hawakulizoea: mtoto mlozi. Mtoto wa miaka 6, wa miaka 8, wa miaka 11, anaambiwa kwamba amekula watu usiku, kwamba ndiye aliyefunga kazi ya baba, ndiye aliyemwua mama yake kwa kumtia ugonjwa. Tazameni mwaka ambao neno hili linazaliwa. Ni miaka ya maporomoko yote tuliyoyataja: uporaji wa Septemba 1991 na wa mwanzo wa 1993, feza iliyokuwa inapoteza nguvu kati ya asubuhi na jioni, watu waliofukuzwa Katanga kwa sababu ya kabila lao katika miaka 1992 na 1993, viwanda vilivyofungwa, halafu vita toka 1996. Na ukimwi juu yake, ukiacha watoto yatima katika nyumba za baba wadogo na mama wakubwa ambao nao hawana kitu. Nyumba ilikuwa inaanguka. Haikuwezekana kumshika aliyeiangusha, yuko mbali, hana anwani. Mtoto yuko karibu, analala pembeni ya jiko.

Na ni mtoto gani? Hapa tunaomba msikilize vizuri. Mara nyingi si mtoto wa kuzaliwa na mama wa nyumba ile. Ni yatima, au mtoto wa mke wa kwanza, au mtoto wa dada aliyeachwa. Au ni yule mwenye kifafa, mwenye kilema, mwenye kukojoa kitandani, mwenye kusema peke yake, mwenye kichwa kigumu, au mwenye akili nyingi kupita wenzake. Ndugu, ikiwa ulozi ungekuwa unaingia tu kama upepo, ungeingia hata katika watoto wa kuzaliwa ndani ya nyumba ile, na hata katika nyumba za matajiri. Kwa nini unapenda sana kulala juu ya yule ambaye sahani yake ndiyo inayohesabiwa?

Tunajua kuna ndugu atakayesimama na kusema, “Shemasi, sasa mnakana ulozi?” Hatukani, wala hatukuandika hapa kwa kubishana juu ya hilo. Babu zetu waliuogopa, na manabii wetu waliwaambia watu wachome hirizi zao. Lakini kuna tofauti moja ambayo wazee wote wanaijua. Katika vijiji vya zamani, aliyeshitakiwa ulozi alikuwa mara nyingi mtu mzima: mzee, mwenye shamba, mwenye neno katika baraza, mtu anayeogopwa. Kulikuwa na maonevu, ndiyo, vikongwe waliuawa bure. Lakini mtoto hakuwa na nguvu ya kushitakiwa. Ulozi wa zamani ulitafutwa kwa mwenye nguvu. Huu wa sasa unatafutwa kwa asiye na nguvu yoyote. Jambo likigeuka kichwa chini hivyo katika muda wa miaka kumi, tunapashwa kuuliza ni nini kiliroga jambo lenyewe.

Na wako wanaokula kwa jina hilo. Katika miji yetu walitokea watu wenye kujiita wachungaji na manabii ambao kazi yao ni kutambua: familia inakuja na mtoto, yeye anafunga macho, anafumbua, anasema “ndiye huyu”. Halafu maombi ya kutoa pepo, siku tatu au saba bila chakula wala maji, pilipili ndani ya macho, mtoto kufungwa kamba, na feza inalipwa mbele. Tunasema wazi kwamba mtu wa namna hiyo hapungukiwi na ukatili tu, amepungukiwa pia na Maandiko. Mtoto ambaye hajala siku nne atakubali neno lolote utakalomwambia. Atataja na majina. Atasema alipanda ndege ya ganda la karanga. Kukiri kwake ni njaa inayosema.

Leta iliandika. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2006 kinakataza kumtupa mtoto, kumtesa, na kwa jina lake kabisa kinakataza kumshitaki ulozi. Sheria ya kulinda mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inaweka kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3, pamoja na faini, kwa mwenye kumshitaki mtoto ulozi. Kwa hiyo kwa maandishi, shida imetambulikana: mwenye kosa siyo mtoto tena, ni mshitaki. Hii ni kazi kubwa na tunaishukuru. Lakini sheria inalala katika karatasi na mtoto analala sokoni. Kati ya hapo na pale kuna mtaa, na mtaa bado una jina lake la zamani kwa mtoto huyo.

Tena haliko jina moja. Mfwateni mtoto mmoja kwa miaka kumi. Akiwa na miaka 8 anaitwa mlozi, anafukuzwa. Akiwa na miaka 12, anaosha magari na kulala juu ya karatoni, anaitwa shege. Akiwa na miaka 18, ana panga, anaitwa kuluna, na mtaa mzima unaomba askari waje. Katika Kinshasa, vijana wengi wa namna hii wamechukuliwa na kupelekwa mpaka Kanyama-Kasese, katika Haut-Lomami, kulima na kujifunza ufundi chini ya Service National. Hatutaki kudharau kazi hiyo. Wako waliorudi na ufundi mikononi, na hata mama aliyenyang'anywa kibeti chake usiku ana haki ya kulala kwa amani. Tunasema tu kwamba huyu ni mtu mmoja aliyepewa majina matatu, na majina yote matatu yanasema juu ya ubaya wake yeye. Hakuna hata moja linalosema: aliyefukuzwa. Kama lingekuwepo, lingetulazimisha kuuliza, na nani? Toka nyumba gani? Siku ile majirani walikuwa wapi?

Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana, wanafunzi wanapita karibu na kipofu wa kuzaliwa. Wanamwuliza Bwana kama ni yeye aliyetenda zambi au ni wazazi wake. Angalieni kwamba hawakuuliza anakula nini, wala nani anamshika mkono. Kwa wao shida ilikuwa imekwisha kupata jina, zambi. Lililobaki lilikuwa kumtafuta mwenyewe kati ya watu wawili au watatu. Bwana anakataa mahali pote pawili: si yeye, si wazazi. Kisha anatema mate chini, anafanya udongo, anaanza kazi. Na wakubwa wa dini, hata baada ya mtu kuona, wanarudi kulekule kwenye zambi, mpaka wanamfukuza. Sura hiyo ni ndefu kwa sababu hiyo: kumponya mtu kulichukua mistari michache, kubishana juu ya jina lake kulichukua sura nzima.

Sisi mashemasi tuna sababu ya pekee ya kuchunga mambo haya. Kazi yetu haikuzaliwa katika maono wala katika sauti toka mbinguni. Ilizaliwa katika manung'uniko. Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume: Wayahudi wenye kusema Kigriki wananung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa wakati chakula cha kila siku kinapogawanywa. Mitume wangeweza kujibu kama Farao. Wangesema wajane hawa ni wagomvi, au hawana imani, au mbona wa kwetu hawalalamiki? Neno hilo halikusemwa. Waliita mkutano wote, wakakubali kwamba jambo hili ni la kanisa zima, wakaomba watu saba wachaguliwe. Na mkisoma majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, mtaona kwamba yote ni majina ya Kigriki. Inaonekana walichaguliwa upande wa wale waliokuwa wananung'unika. Meza iliwekwa mikononi mwa watu walioijua njaa ile.

Lakini wajane wale walikuwa na watu wazima wa kunung'unika kwa ajili yao. Mtoto wa miaka 8 aliyeshitakiwa na mama mkubwa wake hana. Anayemlea ndiye anayemshitaki, na mlango wa kanisa anauingia akiwa ameshikwa mkono na mshitaki wake.

Tumeona mmoja wa namna hiyo. Baba alikuwa amekufa, mama ameolewa mbali, na mtoto alikuwa kwa baba yake mdogo, mchimbaji wa mikono, ambaye mashimo yalikuwa yamemkataa tokea miezi mitano. Familia ilikuja kuomba maombi “ili ajulikane”. Mashemasi waliuliza maulizo ya kawaida tu. Mko watu wangapi nyumbani? Mnakula mara ngapi? Huyu alikuja kwenu mwezi gani, na kazi ilianza kuharibika mwezi gani? Kumbe kazi iliharibika kwanza. Mtoto alifika baadaye. Mama wa nyumba alinyamaza, halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba usiku mtoto anaanguka na kutoa povu. Alipelekwa kwa muuguzi, ikaonekana ni kifafa, akapata dawa. Parokia ilitoa unga. Hatuwaambii kwamba yote yamekwisha. Baba mdogo bado ana neno moyoni, na unga wenyewe ulikuwa wa wiki chache. Mtoto yuko nyumbani.

Kwa hiyo tunaomba mashemasi wa kila parokia wafanye hivi. Familia ikija na mtoto, maombi yatangulie kwa wote walio ndani ya nyumba, wala si kwa mtoto peke yake akiwekwa katikati. Maulizo juu ya chakula, kazi, kifo, masomo na ugonjwa yaulizwe kabla mtu hajataja ulozi. Mtoto asikilizwe pembeni, mbele ya mama mmoja mwenye hekima, akiwa amekula. Asifungwe, asifungishwe, asilale katika uwanja wa kanisa. Na kama familia imekwisha kumfukuza, jambo hilo lifikishwe kwa wenye kulinda watoto katika komini au kwenye tribinali ya watoto, bila kuogopa kwamba “tutaaibisha jamaa”.

Tena, mbele ya mkutano ujao wa mashemasi, kila mtaa utaje hesabu ya watoto wake wanaolala inje ya nyumba za wazazi wao, na jina la nyumba walikotoka. Hesabu hiyo haitasomwa mbele ya watu. Itawekwa kwa mchungaji, naye atajua nani wa kumtembelea.